Msamaha wa kodi ya mali Texas: mwongozo kamili kwa mwekezaji na kwa mkazi anayeulipia

Wafanyabiashara wengi huupoteza msamaha wa kodi ya mali Texas kabla hawajajaza fomu hata moja. Wananunua kiwanja, wanamwaga zege, wanaagiza mashine, ndipo wanakwenda kuuliza kaunti kama kuna kivutio chochote kwa mwekezaji. Hapo wamechelewa. Msamaha huu hutolewa ili kumshawishi mtu awekeze, na aliyekwisha kuwekeza hahitaji tena kushawishiwa. Miongozo ya kaunti na majiji mengi husema hivyo waziwazi: mradi ulioanza kabla ya makubaliano haupokelewi.

Nawaandikia wazungumzaji wa Kiswahili wa Houston, Dallas, Fort Worth na miji ya jirani ambao biashara zao zimekua hadi duka la kupanga halitoshi: mwenye ghala la vyakula, mwenye karakana ya malori, mwenye kiwanda kidogo cha kusindika na kufungasha. Nawaandikia pia wakazi wa kawaida, maana kila dola inayosamehewa kampuni ni dola ambayo kaunti haikuipata, nao wana haki ya kujua imekwenda kwa masharti gani.

Kwanza, nani hasa anatoza

Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi, na katiba yake inalikataza jimbo lenyewe kutoza kodi ya mali. Kodi ya mali ni ya mamlaka za mitaa: kaunti, jiji, wilaya ya shule, chuo cha jamii, wilaya ya hospitali na nyinginezo. Sehemu moja inaweza kuwa chini ya mamlaka tano au sita, kila moja na kiwango chake.

Aliyetoka kwetu huwa na picha nyingine kichwani. Kenya, kampuni iliyo chini ya EPZ, yaani maeneo ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje, husamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10 ya mwanzo, na mlango wa kubisha ni mmoja, wa serikali ya taifa. Tanzania nako mwekezaji huanzia kwenye mamlaka ya taifa ya uwekezaji. Texas mambo ni tofauti. Bunge la jimbo hutunga sheria inayoruhusu msamaha, lakini anayeamua kuutoa au kuunyima ni diwani wa jiji na kamishna wa kaunti yako, mtu unayeweza kukutana naye sokoni. Kila mamlaka huamua kuhusu kodi yake peke yake. Jiji likikubali, kaunti haijafungwa kukubali.

Hatua ya kwanza: chagua mlango unaokufaa

Mlango mkuu ni Sura ya 312 ya Sheria ya Kodi ya Texas. Inaziruhusu kaunti, majiji na wilaya maalumu kusamehe sehemu au yote ya ongezeko la thamani ya mali yako kwa muda usiozidi miaka 10. Wilaya za shule haziruhusiwi kuingia makubaliano hayo tangu 2001. Likumbuke hili, tutalirudia kwenye hesabu.

Mlango wa pili ni JETI, mpango wa jimbo wa kuvutia miradi mikubwa, ulioanza 1 Januari 2024, na wenyewe unahusu kodi ya shule. Mradi unaokubaliwa hupunguziwa nusu ya kodi ya shule ya uendeshaji kwa miaka 10, au asilimia 75 kama uko kwenye maeneo maalumu ya fursa yanayotambuliwa na serikali kuu. Ile kodi ya shule ya kulipia madeni ya hati fungani haiguswi. Ila kizingiti ni kirefu. Katika kaunti yenye watu chini ya 100,000 unatakiwa kuwekeza angalau dola milioni 20 na kuajiri watu 10. Katika kaunti yenye watu 750,000 na zaidi, dola milioni 200 na ajira 75. Ombi linahitaji idhini ya mdhibiti wa fedha wa jimbo, gavana na wilaya ya shule yenyewe. Umeme wa upepo na wa jua umeachwa nje kabisa. Kama mradi wako haufikii viwango hivyo, usipoteze muda hapa.

Mlango wa tatu ni ruzuku: Sura ya 380 kwa majiji na Sura ya 381 kwa kaunti. Hapo unalipa kodi kamili, kisha jiji au kaunti inakurudishia kiasi mlichokubaliana baada ya kutimiza ahadi. Kwa jiji dogo lenye wasiwasi wa kudanganywa, njia hii mara nyingi hukubalika kwa urahisi zaidi kuliko msamaha.

Kabla ya kubisha mlango wowote, angalia haki ambazo hazihitaji kumbembeleza mtu. Tarehe 4 Novemba 2025 wapiga kura wa Texas walikubali kupandisha msamaha wa mali ya biashara inayohamishika, yaani mashine, samani, vifaa na bidhaa, kutoka dola 2,500 hadi dola 125,000, kuanzia mwaka wa kodi wa 2026. Mwenye saluni, mgahawa au duka la vitenge anaweza kukuta kodi yake ya vifaa imekwisha hapohapo. Na kama unaleta bidhaa Texas kisha zinatoka nje ya jimbo ndani ya siku 175, uliza kama mamlaka zako zinatoa msamaha wa bidhaa za kupita uitwao Freeport. Wauzaji wa jumla wengi wanaopeleka mizigo majimbo mengine hawaujui.

Hatua ya pili: fanya hesabu ukiwa nyumbani

Tuchukue mfano wa kubuni. Una kiwanja na jengo la zamani vyenye thamani ya dola 900,000. Unataka kujenga ghala lenye vyumba vya baridi na kuweka mashine mpya, na thamani itafika dola 4,900,000. Ongezeko ni dola milioni 4. Tuseme kaunti inatoza senti 40 kwa kila dola 100 za thamani, jiji senti 50, na wilaya ya shule dola 1 na senti 10.

Kwenye ongezeko hilo kaunti ingepata dola 16,000 kwa mwaka, jiji dola 20,000 na shule dola 44,000. Jumla dola 80,000. Sasa kaunti na jiji zote mbili zikikusamehe nusu, unaokoa dola 8,000 na dola 10,000, yaani dola 18,000. Umesikia "msamaha wa asilimia 50", lakini kodi yako kwenye ongezeko imepungua kwa asilimia 22 na nusu tu, kwa sababu shule haimo. Zile dola 900,000 za mwanzo zinaendelea kutozwa kodi kamili, maana msamaha huhesabiwa juu ya kile kinachozidi thamani ya mwaka mlioweka saini.

Usizidishe dola 18,000 mara 10 ukaipelekea benki. Mashine huchakaa, na thamani yake kwenye vitabu vya mthamini hushuka mwaka hadi mwaka, hivyo na msamaha hupungua. Bidhaa zilizomo ghalani hazisamehewi chini ya Sura ya 312, wala vifaa vilivyokuwepo hapo kabla ya makubaliano. Toa pia gharama za wakili, za mhasibu na za kuandaa ripoti kila mwaka. Kinachobaki kikiwa kidogo, una sababu nzuri ya kuachana na shughuli hii na kujenga kwa amani. Kwa miradi mingi ya chini ya dola milioni moja, nadhani hilo ndilo jibu sahihi.

Hatua ya tatu: soma mwongozo wa kaunti kabla ya kuongea na mtu

Jiji au kaunti haiwezi kutoa msamaha wa Sura ya 312 bila kwanza kupitisha azimio la kushiriki na kuweka miongozo na vigezo vyake. Miongozo hiyo hudumu miaka miwili tu, kisha hupitishwa upya, na kuibadilisha katikati kunahitaji kura za robo tatu ya wajumbe. Tangu 2019 sheria inataka iwekwe kwenye tovuti ya mamlaka husika kama inayo tovuti.

Tafuta mambo manne humo: kiwango cha chini cha uwekezaji, idadi ya ajira, mshahara unaotakiwa, na tarehe ya mwisho ya miongozo yenyewe. Hili la mwisho husahaulika. Miongozo ikiwa imekwisha muda, baraza halina msingi wa kupitisha makubaliano mpaka iidhinishwe tena, na kwa sasa kabla ya kuidhinishwa lazima kuwe na kikao cha kusikiliza wananchi. Ukiligundua mapema, uliza ofisi ya maendeleo ya uchumi kikao hicho kitakuwa lini.

Angalia pia umiliki. Mali inayomilikiwa au kupangishwa na mjumbe wa baraza linalotoa msamaha haiwezi kuingizwa kwenye makubaliano. Na kama wewe ni mpangaji, soma mkataba wako wa pango uone nani analipa kodi ya mali. Kama mwenye jengo ndiye anayelipa, msamaha utaishia mfukoni mwake isipokuwa mmeandikiana vinginevyo.

Hatua ya nne: eneo, matangazo na kura

Mali yako lazima iwe ndani ya eneo lililotangazwa kuwa la uwekezaji upya. Ndani ya mipaka ya jiji, jiji ndilo hulitangaza. Nje ya miji, kaunti. Kikao cha wananchi hufanyika kwanza, na tangazo lake hutolewa gazetini siku 7 kabla, huku mamlaka nyingine za kodi zikipelekewa barua. Eneo hudumu miaka 5 na laweza kuhuishwa.

Kisha huja tangazo la makubaliano yenyewe. Siku 30 kabla ya mkutano, umma lazima ujulishwe jina la mwenye mali na la mwombaji, mahali pa eneo, maelezo ya ujenzi na makadirio ya gharama. Kwa hiyo ukiwa na mshindani usiyetaka ajue mipango yako, fahamu kwamba siri inaishia hapo. Makubaliano hupita kwa kura za wajumbe walio wengi katika mkutano wa kawaida. Jumlisha siku hizo zote, ongeza mazungumzo, na utaona kwa nini nasema anza miezi mingi kabla ya kumwita mkandarasi.

Nenda mkutanoni mwenyewe. Usimtume mshauri peke yake. Makamishna wanataka kumwona mtu atakayeajiri vijana wao, wamuulize mishahara itakuwa kiasi gani na malori yatapita barabara ipi.

Hatua ya tano: mkataba, mstari kwa mstari

Hapa ndipo wakili anapolipwa, na hapa ndipo nakusihi usione haya kuuliza mara tatu.

Sheria inataka mkataba uorodheshe aina, idadi na mahali pa majengo na mashine. Uwaruhusu wakaguzi kuingia. Uweke mipaka ya matumizi ya mali. Ukutake uthibitishe kila mwaka kwamba unatimiza masharti. Na uweke njia ya kukudai kodi yote iliyosamehewa kama hukujenga ulichoahidi. Masharti ya ajira huongezwa na mamlaka yenyewe, na ndiyo yanayowaumiza watu.

Chukua sharti hili: "Mmiliki atakuwa na wafanyakazi 40 wa muda wote kufikia 31 Desemba ya kila mwaka." Linaonekana halina tatizo. Lakini mwishoni mwa Desemba watu wawili wameacha kazi wiki ya Krismasi, na ripoti inaonyesha 38. Mkataba ukisema tu kwamba kukiuka sharti ni kukiuka mkataba, kaunti ina haki ya kufuta msamaha, na huenda ikadai hata miaka iliyopita. Mwaka mzima ulikuwa na watu 43 na unaadhibiwa kwa siku moja.

Omba maneno manne yabadilishwe kabla ya kuweka saini. Idadi ihesabiwe kwa wastani wa mwaka, kutokana na ripoti za mishahara za robo mwaka unazopeleka kwenye Tume ya Ajira ya Texas. Ripoti hizo tayari unazo na hakuna wa kuzibishia. Upungufu upunguze msamaha kwa uwiano: aliyefikisha asilimia 90 ya ajira apate asilimia 90 ya msamaha. Upewe notisi na muda wa kurekebisha, siku 60 kwa mfano, kabla ya adhabu yoyote. Na majanga yatajwe kwa majina, hasa vimbunga na mafuriko; mtu wa Houston aliyeona Harvey mwaka 2017 haelezwi sababu.

Kaunti nzuri haitakasirika ukiomba hayo. Mkataba unaotekelezeka unaifaa nayo pia, kwa sababu kumdai kodi mwekezaji aliyefilisika ni kazi isiyo na mavuno.

Uliza pia kitakachotokea ukiuza biashara. Mikataba mingi haihamishiki bila idhini ya baraza, na mnunuzi akijua hilo siku ya mwisho, bei itashuka. Na usitegemee kuongezewa muda: mkataba unaweza kurekebishwa njiani, lakini sheria hairuhusu uvuke miaka 10 tangu ule wa awali.

Hatua ya sita: kalenda ya kila mwaka

Kupitishwa kwa mkataba hakuondoi kodi kwenye bili. Kila mwaka unatakiwa kujaza fomu namba 50-116 na kuipeleka kwa mthamini mkuu wa ofisi ya uthamini ya kaunti, kati ya 1 Januari na 30 Aprili. Mthamini haji kukukumbusha.

Thamani huchukuliwa kama ilivyokuwa 1 Januari. Orodha ya mali ya biashara inatakiwa kufika kufikia 15 Aprili. Ukiona thamani uliyopangiwa ni kubwa mno, pinga kufikia 15 Mei au siku 30 baada ya notisi kutumwa, tarehe yoyote kati ya hizo inayokuja baadaye. Bili hutoka kuanzia Oktoba na mwisho wa kulipa ni 31 Januari. Ukifika 1 Februari hujalipa, adhabu na riba huanza kwa asilimia 7, na mikataba mingi huhesabu kuchelewesha kodi kuwa sababu ya kufuta msamaha wote. Mpe mtu mmoja ofisini kazi hii na umwandikie tarehe hizo ukutani.

Hatua ya saba: sheria yenyewe ina tarehe ya kufa

Haya sasa yanawahusu wote, wawekezaji na wakazi. Sura ya 312, yenye mizizi yake mwaka 1981, si ya kudumu. Kifungu cha 312.006 kinasema itakwisha 1 Septemba 2029 isipoongezewa muda. Mara ya mwisho iliongezewa mwaka 2019, kwa miaka 10, na nyongeza hiyo haikuja mikono mitupu: ndiyo iliyoleta tangazo la siku 30, kikao cha wananchi kuhusu miongozo, kuwekwa kwa miongozo kwenye tovuti, na sharti la kuripoti thamani ya mali kwa miaka mitatu baada ya msamaha kumalizika. Bila hilo la mwisho nani angejua kama kiwanda kilibaki au kilifunga virago siku msamaha ulipoisha?

Sura jirani, ya 313, ilikwenda njia nyingine. Ilipitishwa 2001 kwa ajili ya kodi za shule, na mwaka 2021 wabunge walishindwa kupitisha mswada wa kuiongezea muda. Ikafa 31 Desemba 2022. Mwaka wake wa mwisho makampuni yalikimbilia kuwasilisha mamia ya maombi, na mikataba iliyosainiwa kabla ya tarehe hiyo inaendelea. Mwaka uliofuata Bunge likatunga JETI, yenye punguzo dogo zaidi na idhini nyingi zaidi.

Kwa maoni yangu Sura ya 312 iongezewe muda, lakini isiongezewe kama ilivyo. Mtafiti Timothy Bartik wa Taasisi ya Upjohn huko Michigan alipitia tafiti nyingi mwaka 2018 akakadiria kwamba vivutio vya aina hii huamua mahali pa mradi katika asilimia 2 hadi 25 ya miradi inayovipata. Wengine wangekuja hata bila hivyo. Namba hiyo hainifanyi niseme msamaha ufutwe, maana mji mdogo ulioko mbali na barabara kuu hauna kitu kingine cha kumpa mwekezaji. Inanifanya nitake mwombaji aonyeshe ushahidi kwamba ana mahali pengine pa kwenda, jambo ambalo baraza lolote linaweza kuanza kulitaka leo kwenye miongozo yake. Nataka pia mlango wa mfanyabiashara mdogo, maana kaunti inayodai uwekezaji wa mamilioni kwanza imeshamfungia nje yule ambaye angekaa hapo maisha yake yote.

Mkazi anayetaka kufuatilia aanzie karibu. Ripoti ya fedha ya mwaka ya jiji au kaunti inatakiwa, kwa kanuni namba 77 ya bodi ya viwango vya uhasibu wa serikali, kuonyesha kodi iliyosamehewa. Mkataba wenyewe uombe kwa maandishi chini ya sheria ya taarifa za umma ya Texas. Huhitaji kueleza sababu.

Kuhusu Bunge, hesabu ni hizi. Bunge la Texas hukutana miaka isiyogawanyika kwa mbili, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, kwa siku 140. Kabla ya Septemba 2029 kuna vikao viwili vya kawaida: kinachoanza 12 Januari 2027 na kinachoanza 9 Januari 2029. Miswada huanza kuwasilishwa Novemba ya mwaka uliotangulia, baada ya uchaguzi. Anayesubiri mpaka 2029 atakuta maneno yameshaandikwa na makampuni yenye mawakili Austin. Mwandikie mbunge wako wa jimbo mwishoni mwa 2026, ukurasa mmoja au miwili: taja kifungu cha 312.006, taja mkataba mmoja wa kaunti yenu na ajira zilizoahidiwa na zilizopatikana, kisha taja sharti moja unalotaka liongezwe. Mswada ukifika kwenye kamati, nenda ukajiandikishe kuzungumza. Mara nyingi hupewi zaidi ya dakika chache, kwa hiyo anza na namba za kaunti yenu, na nakala za mkataba ule wape wajumbe wote wa kamati.